TV ya inchi 55 ya jina geni au ya inchi 43 ya kampuni inayojulikana?

SWALI: "Habari mtaalamu. TV yangu ya inchi 32 imezima picha, sauti inatoka vizuri tu. Fundi ameiangalia akasema kioo kimekufa, ninunue nyingine. Fedha niliyonayo si nyingi na sitaki kukosea. Nimezunguka madukani nikakuta TV mbili zenye bei sawa. Moja ni ya inchi 55, jina lake sijawahi kulisikia, na kwenye boksi wameandika QLED, 4K, HDR na Android. Nyingine ni ya inchi 43 ya kampuni inayojulikana, Full HD tu, na smart yake ni ya kawaida. Kutoka kwenye kochi hadi TV inapokaa ni kama mita mbili na nusu. Kwetu umeme hukatika mara kwa mara, na nina watoto wadogo. Nataka picha nzuri na TV itakayodumu. Nichukue ipi? Na haya maneno LED, QLED na 4K yana maana gani hasa?"

JIBU: Wasiwasi wako una msingi. Fedha ni ya kununua mara moja, maandishi kwenye boksi ni mengi, na muuzaji ana haraka kuliko wewe. Kwa kifupi, kati ya hizo mbili chukua ya inchi 43, kwa masharti nitakayoyataja. Lakini kabla hujatoa hata senti, turudi kwanza kwenye TV uliyo nayo, maana dalili ulizoeleza hazifanani na za kioo kilichokufa.

Kioo cha TV ya kawaida hakitoi mwanga. Ni safu ya vijidirisha vidogo mno, yaani pikseli, vinavyofunguka na kujifunga ili kupitisha mwanga unaotoka nyuma yake. Mwanga wenyewe unatoka kwenye vipande virefu vya taa ndogo za LED, ambavyo mafundi huviita baklaiti. Katika TV nyingi za bei nafuu taa hizo zimeungwa kwa mfuatano: umeme hupita taa ya kwanza ndipo ufike ya pili. Moja ikikatika, njia yote imekatika na nyingine zinazimika. Sauti inaendelea, rimoti inafanya kazi, chaneli zinabadilika. Hata picha ipo pale kwenye kioo, ila hakuna mwanga wa kuionyesha.

Unaweza kulipima hili mwenyewe usiku wa leo. Zima taa za chumba, washa TV, kisha chukua tochi ya simu, isogeze karibu kabisa na kioo na uielekeze kwa mshazari. Tazama kwa makini palipo na duara la mwanga huku ukibonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti. Ukiona menyu hafifu ikitokea au picha ikicheza kwa mbali, kioo ni kizima na bodi kuu inafanya kazi. Kilichoharibika ni taa za nyuma au saketi inayozilisha umeme. Dalili nyingine ya tatizo hilohilo ni TV inayoonyesha picha kwa sekunde moja au mbili halafu giza: saketi imegundua hitilafu kwenye taa na kuzikatia umeme.

Ikiwa ni hivyo, tafuta fundi wa pili. Baklaiti za inchi 32 kwa kawaida ni vipande viwili au vitatu tu, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya TV mpya. Mwambie abadilishe vyote, asiguse kile kilichoungua peke yake, kwa sababu vilivyobaki vimefanya kazi saa zilezile na vitafuata. Isitoshe, taa mpya zikichanganywa na zilizochoka, picha inakuwa na mabaka. Ugumu wa kazi hii hauko kwenye taa. Ili kuzifikia ni lazima kioo kinyanyuliwe kizimakizima, na kwenye ukingo wake kuna riboni nyembamba zilizogandishwa. Riboni moja ikichanika, kioo kinarudi na mistari ambayo haitengenezeki. Kwa hiyo muulize fundi mapema: ameshafanya kazi hii kwenye TV za ukubwa huo? Atakilaza kioo wapi? Kikivunjika mikononi mwake, nani analipa? Usifungue mwenyewe. Kwenye bodi ya umeme kuna kapasita inayobeba volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya.

Ila kama tochi haionyeshi chochote, au kabla ya kuzima ulikuwa unaona mistari ya wima, nusu ya picha, au doa jeusi linalosambaa, huenda fundi wako yuko sahihi. Kioo kipya hukaribia bei ya TV nzima. Hapo achana nayo, twende dukani.

Tuanze na majina. Watu wengi hudhani LED ni aina ya kioo bora kuliko LCD. TV ya LED ni TV ya LCD, tofauti ni kwamba mwanga wa nyuma unatoka kwenye taa za LED badala ya mirija iliyotumika zamani. QLED nayo ni LCD ileile, ila mbele ya taa za buluu kumewekwa tabaka la chembe ndogo sana zinazogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa mwekundu na wa kijani ulio safi zaidi. Likitengenezwa vizuri, rangi zinaongezeka kweli: nyekundu inakuwa nyekundu, haielekei chungwa. Lakini tabaka hilo haliongezi weusi wa picha, wala haliongezi maisha ya taa. OLED pekee ndiyo tofauti kabisa, kwa kuwa kila pikseli inajiwakia na kujizima yenyewe, na nyeusi yake ni nyeusi tii. Kwa bajeti yako OLED mpya haitapatikana. Ukiuziwa iliyotumika, weka picha ya kijivu kioo kizima na utafute alama za nembo za chaneli zilizoganda pembeni.

Kwa jicho la mtazamaji, kinachotenganisha picha nzuri na mbaya kwenye TV za bei ya chini ni kontrasti, yaani umbali kati ya nyeusi na nyeupe. Na hapo neno ambalo boksi halikuambii ndilo lenye uzito: kioo ni cha VA au cha IPS? Cha VA hufunga mwanga vizuri, nyeupe yake huwa na mwanga mara 3,000 hivi au zaidi kuliko nyeusi yake. Cha IPS hufika karibu mara 1,000 tu, kwa hiyo ukizima taa za sebuleni utaona nyeusi imekuwa kijivu. Faida ya IPS ni pembeni: aliyekaa kwenye kiti cha ukutani anaona rangi zilezile unazoziona wewe uliye katikati, wakati VA hupauka ukiitazama kwa upande. Familia inayotazama usiku ikiwa imekaa mbele ya TV itafurahia VA. Sebule ndefu yenye viti kila upande ni bora ichukue IPS. Muuzaji huenda asijue. Utajua mwenyewe ukisogea pembeni dukani.

Sasa hiyo ya inchi 55. Inchi hupimwa kona kwa kona, kwa hiyo tofauti ya 43 na 55 inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa eneo, kioo cha 55 ni zaidi ya mara moja na nusu ya cha 43. Na kioo ndicho kipuri ghali kuliko vyote ndani ya TV. Kampuni isiyojulikana inawezaje kukupa kioo kikubwa hivyo, pamoja na 4K, QLED na HDR, kwa bei ya 43 ya kawaida? Kuna mahali imebana, na mahali pa kubana panajulikana. Kwanza ni idadi ya taa. Badala ya kupanga taa nyingi zenye kazi nyepesi, zinawekwa chache na kusukumiwa umeme mwingi ili mwanga utoshe. Taa hizo hupata joto, na joto ndilo linaloziua. Juu ya kila taa kuna kilenzi cha plastiki kilichogundishwa ili kutawanya mwanga. Gundi ikichoka kwa joto, kilenzi kinadondoka na unaanza kuona viduara vyeupe vinavyong'aa kwenye picha. Kisha hubanwa bodi ya umeme, prosesa, memori, spika, na mwisho kabisa huduma baada ya mauzo. Hii ya mwisho ndiyo hasara kubwa. TV ya jina geni ikiharibika mwaka wa pili, fundi hapati baklaiti zake wala bodi yake, na unaambiwa tena kwamba kioo kimekufa.

Sisemi kila jina geni ni baya. Majina kadhaa ni ya viwanda vinavyotengenezea kampuni kubwa. Ila mzigo wa kuthibitisha uwe kwa muuzaji, usiwe kwako.

Je, inchi 55 ni kubwa mno kwa mita mbili na nusu? Hapana, na hapa wengi hukosea. Kanuni inayofaa ni umbali wa mara moja na nusu hadi mbili na nusu ya ulalo wa kioo. Inchi 43 ni sentimita 109, inchi 50 ni 127, inchi 55 ni 140. Kwa mita 2.5 zote ziko ndani ya kipimo, na kwa filamu 55 ingekupendeza zaidi. Kama ungekuwa umeweka mbele yangu 55 ya kampuni inayojulikana kwa bei hiyohiyo, jibu langu lingekuwa jingine. Zingatia lakini kwamba kioo kikubwa hukuza na uchafu wa picha: chaneli za ubora wa chini na video za zamani huonekana mbaya zaidi kwenye 55 kuliko kwenye 43.

Swali la 4K linafungamana na umbali huohuo. HD ya kawaida ni pikseli 1366 kwa 768, Full HD ni 1920 kwa 1080, 4K ni 3840 kwa 2160, yaani pikseli mara nne ya Full HD. Jicho lenye afya lina kikomo. Kwenye inchi 43 ya Full HD, huwezi kutenganisha pikseli moja moja ukishavuka kama mita 1.7, kwenye inchi 55 ni kama mita 2.2. Wewe unakaa mita 2.5, kwa hiyo 4K si sababu ya kukufanya uchague ile ya 55, na Full HD si aibu kwenye ile ya 43. Unachopaswa kukikataa ni inchi 43 ya HD ya 1366 kwa 768, ambayo bado ipo sokoni. Hapo pikseli zitaanza kuonekana ukisogea mbele kidogo tu, hasa kingo za maandishi. Jihadhari pia na maneno kama "inakubali 4K" au "Full HD supported". Maana yake TV inapokea mawimbi hayo na kuyapunguza ili yaingie kwenye kioo chake kidogo. Tafuta mstari wa Resolution kwenye lebo au kitabu, usome namba.

Ukikuta inchi 43 ya 4K ya kampuni hiyohiyo kwa nyongeza ndogo, ichukue, kwa sababu matoleo ya 4K mara nyingi hupewa prosesa bora na soketi mpya zaidi. Kumbuka tu kwamba 4K ya mtandaoni inakula intaneti: Netflix inapendekeza kasi ya Mbps 15 kwa 4K dhidi ya Mbps 5 kwa Full HD, na saa moja ya 4K inaweza kufika GB 7 badala ya GB 3. Kwa anayenunua bando, hiyo ni hesabu ya kufanya kabla.

HDR kwenye TV za bei ya chini ipuuze kabisa. Kazi yake ni kuonyesha mwanga mkali sana karibu na giza zito katika picha moja, na hilo linahitaji kioo chenye mwangaza mkubwa, kwa vitendo niti 600 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) kwenda juu, pamoja na taa za nyuma zinazoweza kupunguzwa sehemu kwa sehemu. TV nyingi za bei nafuu zina niti 200 hadi 300 na taa zinazowaka zote pamoja. Zinapokea mawimbi ya HDR, haziwezi kuyaonyesha, na matokeo yake filamu inakuwa na giza kuliko isingekuwa na HDR. Vivyo hivyo namba kama "Motion 200": kioo ni cha Hz 50 au 60, yaani hubadilisha picha mara 50 au 60 kwa sekunde, kilichobaki ni hesabu za matangazo.

Kuhusu smart, tofautisha mfumo uliothibitishwa na Android iliyopakiwa tu. Google TV, Android TV halisi, webOS ya LG, Tizen ya Samsung, VIDAA ya Hisense na Roku zimetengenezwa kwa ajili ya TV na zina makubaliano na kampuni za filamu. Kuna TV nyingine ambazo zimewekewa Android ya simu, ukurasa wake wa mwanzo ukapambwa ufanane na ya TV. Hizo hukosa kibali cha kucheza video zilizolindwa kwa ubora kamili, kwa hiyo Netflix ama haifunguki ama inaonyesha picha ya ubora wa chini kwenye kioo kinachojiita 4K. Kuna na suala la usalama: mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vifaa vya Android visivyothibitishwa, vikiwemo vya kutazamia video, vinavyofika nyumbani vikiwa na programu hasidi tayari ndani. Kama duka la programu la TV ya Android si Google Play halisi na unaambiwa upakue programu kutoka tovuti fulani, iache hapo.

Smart hafifu lakini halali siyo sababu ya kukataa TV. Programu zake zitachoka mapema kuliko kioo, hasa zenye memori ya GB 1, na siku hiyo utachomeka kijiti cha kutazamia video kwenye tundu la HDMI na kuendelea. Kioo kibaya hakina kijiti cha kukiokoa. Ndiyo maana fedha yako nataka iende kwenye kioo na taa.

Nenda dukani na flashi yako mwenyewe, usitegemee ile video ya maua na matone ya maji inayochezwa siku nzima. Hiyo imetengenezwa ili kila TV ipendeze. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32, ambao karibu kila TV inausoma, na kila faili liwe chini ya GB 4. Weka picha za rangi moja zinazojaza kioo: nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani na buluu. Ongeza kipande cha mpira wa miguu na kipande cha filamu chenye tukio la usiku. Omba wafungue boksi utakalobeba, maana iliyo ukutani ni ya maonyesho, ulinganishe namba ya utambulisho (serial number) ya nyuma ya TV na ya kwenye boksi, kisha anza.

Kwenye nyeusi, angalia kona: mwanga unaovuja kidogo ni kawaida, doa linalong'aa si kawaida. Kwenye kijivu, tafuta mistari minene ya wima na mabaka kama uchafu. Haya ndiyo yatakayokusumbua kila kamera inapozunguka uwanjani. Nyeupe itakuonyesha kama kingo zina giza kuliko katikati na kama kuna viduara vya taa. Nyekundu, kijani na buluu ni za kutafuta pikseli zilizokufa. Moja kwenye kona si msiba, lakini iliyo katikati utaiona kila siku. Kisha weka filamu ya usiku, sogea pembeni mpaka nyuzi 45 hivi, uone picha inavyopauka. Washa intaneti ya simu yako, fungua YouTube, angalia inachukua muda gani, na kama ni TV ya 4K, tazama iwapo orodha ya ubora inafika 2160. Beba na tepu. Inchi 43 inayopungua nusu inchi ni kawaida. Inayopungua inchi tatu umeuziwa 40.

Muuzaji atakayekataa haya yote amekujibu tayari.

Geuza TV, soma nyuma. Lebo ya umeme iandike volti 100 hadi 240, ambayo itavumilia umeme unaoshuka kuliko ile ya 220 hadi 240. HDMI zisipungue mbili, moja iwe na neno ARC ili siku ukinunua saundiba utumie waya mmoja, na utaihitaji, kwa sababu spika za TV nyembamba ni za wati 8 hadi 10 kila upande na zinatazama chini. Kama king'amuzi chako ni cha zamani chenye waya za njano, nyekundu na nyeupe, hakikisha tundu la AV lipo. Ukitegemea antena bila king'amuzi, mfumo wa matangazo ya nchi yako uwe ndani ya TV: kuna nchi za DVB-T2, za ATSC na za ISDB-T, na TV iliyoletwa kutoka soko jingine inaweza isishike hata chaneli moja.

Kuhusu umeme, kukatika kwenyewe hakuui TV sana. Kinachoua ni kurudi. Umeme unaporejea huja na mruko wa volti. Nunua kile kifaa cha kuchomeka ambacho hukata umeme ukizidi au ukipungua mno, na husubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Stabilaiza nzito si lazima kwa TV yenye lebo ya 100 hadi 240. Radi ni jambo jingine, hakuna kifaa cha bei ndogo kinachoizuia. Chomoa waya wa umeme na waya wa antena au dishi. Huo wa pili husahaulika, na ndio unaoingiza radi kwenye king'amuzi na kupitia HDMI hadi bodi kuu. Unapounganisha king'amuzi kwa HDMI, vyote viwili viwe vimezimwa.

Kwa watoto, muuzaji atakutajia TV zenye vioo viwili. Kioo cha nje kigumu kinasaidia kweli dhidi ya rimoti inayorushwa, lakini kinaongeza uzito, kinaakisi dirisha na taa, na hakiboreshi picha hata kidogo. Kama sebule yako ina dirisha linalotazamana na TV, utajuta. Bora kuipandisha ukutani. Pima matundu ya nyuma, kwa inchi 43 mara nyingi ni milimita 200 kwa 200, na tumia boliti za urefu ulioandikwa kwenye kitabu, maana ndefu mno hutoboa hadi kwenye bodi. Ikikaa mezani, pima kwanza: inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 96 na miguu yake iko pembeni, meza fupi haiishiki. Ifunge kwa mkanda kwenye ukuta. TV huangukia watoto kwa sababu ni nyepesi na huvutwa kwa urahisi.

Ukiiwasha nyumbani, toka kwenye modi ya Vivid au ya duka, nenda Movie au Cinema. Itaonekana ya njano kwa siku mbili tatu kisha jicho litazoea. Sharpness ishushe karibu na sifuri, maana juu ya hapo inachora kingo za uongo. Halafu tafuta Backlight, ambayo mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa 100, ushushe hadi 60 au 70, na usiku hata 50. Kwenye TV nyingi Brightness ni kitu tofauti: hubadilisha kina cha nyeusi tu, haipunguzi kazi ya taa. Hatua hii moja ndiyo inayorefusha maisha ya baklaiti kuliko nyingine yoyote, na kama TV yako ya zamani itatengenezwa, ifanyie hivyohivyo siku inaporudi. Acha nafasi ya sentimita kumi nyuma na juu ili joto litoke. Kioo kifute kikiwa kimezimwa na kimepoa, kwa kitambaa laini cha nyuzi ndogo kilicholoweshwa kidogo, bila spirti wala dawa ya vioo vya madirisha.

Kama 43 hiyo haitafaulu kwenye flashi yako, usirukie 55. Uliza toleo la mwaka uliopita la kampuni inayojulikana. TV hupungua bei toleo jipya linapofika na tofauti ya picha huwa ndogo. Ningeikubali 55 kwa hali moja: iwe na dhamana iliyoandikwa na mhuri, inayotaja kioo na baklaiti kwa majina, kituo cha matengenezo unachoweza kukifikia, na ipite majaribio yote ya juu. Soma pia kinachoachwa nje ya dhamana, kwa kawaida ni umeme kuzidi na kioo kupasuka.

Tatizo likijitokeza ndani ya muda wa dhamana, piga video, weka risiti, mpigie muuzaji, na usimruhusu fundi wa mtaani afungue hata skrubu moja. Stika iliyokatika nyuma inatosha kukunyima haki yako. Ila ukisikia harufu ya kuungua au mlio wa kukatakata ndani ya TV, au ukiona inajizima na kujiwasha yenyewe, chomoa kwanza, simu baadaye. Na kama soketi za sebuleni hutoa cheche au taa za nyumba hufifia kila friji inapowaka, mlete fundi umeme aangalie waya za nyumba na waya wa ardhi kabla hujachomeka TV mpya pale ilipokuwa ya zamani.